Maana ya kushiriki ibada milango ya kanisa inapofungwa

SERIKALI ilipotangaza Jumapili ya Machi 22, 2020 kwamba mikusanyiko ya ibada makanisani na misikitini imesitishwa, Wakenya wengi walidhani ni jambo la majuma mawili au matatu. Kisa cha kwanza cha virusi vya corona nchini kilikuwa kimetangazwa Machi 13, na siku moja tu kabla ya marufuku hayo viongozi wa dini mbalimbali walikuwa wamekutana katika Ikulu ya Nairobi kwa maombi ya kitaifa. Milango hiyo ilianza kufunguliwa kwa masharti katikati ya mwezi Julai. Ruhusa ya kujaza viti vyote haikutolewa hadi Machi 2022.

Katika nchi ambayo sensa ya mwaka wa 2019 ilionyesha kuwa zaidi ya asilimia 85 ya wakazi wake ni Wakristo, hilo halikuwa jambo dogo. Taarifa nyingi za wakati ule zilihusu mvutano baina ya viongozi wa makanisa na maafisa wa serikali. Swali la muumini wa kawaida lilipewa nafasi finyu: mtu atakuwaje sehemu ya kanisa lake ikiwa hawezi kuingia humo? Swali hilo lingali na uzito, kwa kuwa hakuna mtaalamu wa afya anayedai kwamba Covid-19 ndilo janga la mwisho.

Tuanze na neno lenyewe. Makanisa mengi ya Kiprotestanti humwita mfuasi wao mshirika. Neno hilo ni la ukoo mmoja na shirika, ushirika na kushiriki, na wote wametokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kugawana kitu na mwenzio. Waanglikana na Walutheri huita karamu ya mkate na divai Ushirika Mtakatifu. Kwa hivyo, kwa mujibu wa lugha, mshirika si mtu anayehudhuria tu, wala si mtu anayetazama. Ni mwenye fungu lake katika jambo linalofanywa na wengi. Tofauti hii ndogo ya maneno ndiyo iliyopimwa na janga.

Wakati wa marufuku, lalamiko lililosikika sana lilikuwa hili: kwa nini sokoni kuruhusiwe na kanisani kukatazwe? Wako waliotoa jibu la kisiasa. Jibu la kisayansi ni jepesi zaidi. Virusi vya corona husafiri kwa matone na chembe ndogo za mate zinazoelea hewani. Mnunuzi wa sukumawiki husimama mbele ya kibanda kwa dakika chache, mahali penye upepo. Muumini hukaa saa mbili au zaidi ndani ya jengo, bega kwa bega na jirani yake, na huimba kwa sauti kamili. Kuimba hutoa chembe nyingi kuliko kuzungumza kwa utulivu.

Mfano unaotajwa mara nyingi ni wa kwaya moja ya mji wa Mount Vernon, katika jimbo la Washington nchini Marekani. Machi 10, 2020 waimbaji 61 walifanya mazoezi kanisani kwa muda wa saa mbili na nusu. Baadaye watu 53 miongoni mwao walihesabiwa kuwa wagonjwa, 33 wakiwa wamethibitishwa kwa vipimo na wengine kwa dalili zao. Wawili walifariki. Hawakuwa wamefanya kosa lolote ila kuimba pamoja, jambo ambalo kila kwaya ya Kenya hulifanya Jumamosi jioni.

Mazoea mengine ya ibada yaliguswa vilevile. Kusalimiana kwa mikono wakati wa kutakiana amani, kuchovya vidole katika chombo kimoja cha maji ya baraka, kunywa kutoka kikombe kimoja na kuwekeana mikono wakati wa maombi ni matendo ambayo uzuri wake hasa ni kugusana. Janga liligeuza uzuri huo kuwa hatari. Padri au kasisi aliyewaambia waumini waache kushikana mikono hakuwa ameishiwa na imani.

Suluhisho la kwanza lililokimbiliwa lilikuwa kamera. Makanisa makubwa ya mijini yalipeperusha ibada mubashara mtandaoni na katika runinga, na Jumapili ya Pasaka, Aprili 12, 2020, makasisi wengi walihubiria viti vitupu. Hatua hiyo ilikuwa na manufaa, lakini haikumfikia kila mtu. Sensa ya 2019 ilionyesha kuwa ni takribani asilimia 22 tu ya Wakenya wenye umri wa miaka mitatu na zaidi waliotumia intaneti, ilhali zaidi ya nusu ya maboma yalikuwa na redio. Nyanya wa kijijini mwenye simu ya mulika mwizi hawezi kuifuata misa ya mtandaoni, na kijana mwenye simu ya kisasa huenda hana pesa za kununua data ya saa nzima. Redio Waumini ya Kanisa Katoliki pamoja na vituo vinavyotangaza kwa lugha za jamii ndivyo vilivyokuwa na nafasi bora ya kufika mbali. Katika hili redio, chombo ambacho wengi walikuwa wamekitabiria kifo, ilistahili heshima zaidi kuliko iliyopewa.

Hata hivyo, redio na runinga zote zina upungufu mmoja. Humfanya mshirika kuwa mtazamaji au msikilizaji. Anaweza kumsikia mhubiri, ila mhubiri hajui kama yupo, kama ni mgonjwa au kama jikoni mwake mna unga.

Suala la sakramenti lilikuwa gumu zaidi. Kwa Wakatoliki, Ekaristi haipokewi kupitia kioo cha simu. Waumini walihimizwa kufanya komunyo ya kiroho, yaani sala ya kuonyesha hamu ya kupokea wanachokosa. Machi 20, 2020 Vatican ilitangaza rehema kamili, kwa masharti yaliyowekwa, kwa wagonjwa, kwa wahudumu wa afya na kwa wale waliowaombea. Katika baadhi ya makanisa ya Kiprotestanti wachungaji waliruhusu familia kuandaa mkate na maji ya zabibu mezani na kufuata maneno ya mchungaji redioni au mtandaoni. Wengine walikataa katakata, wakisema meza hiyo haina maana bila kusanyiko. Si kazi ya gazeti kuamua nani yuko sahihi. Inatosha kusema kwamba pande zote mbili zilikubaliana kuhusu jambo moja: kilichokosekana kilikuwa kitu halisi.

Julai 6, 2020 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kufunguliwa kwa maabadi hatua kwa hatua, akifuata mashauriano ya Baraza la Madhehebu Mbalimbali lililoongozwa na Askofu Mkuu Anthony Muheria wa Nyeri. Masharti yalikuwa makali. Ibada isizidi saa moja. Waumini wasizidi 100. Shule za Jumapili na madrasa zisubiri. Walio na umri wa chini ya miaka 13 au zaidi ya miaka 58, pamoja na wenye maradhi mengine, wasalie nyumbani.

Hebu msomaji apige hesabu. Parokia yenye waumini 3,000 ingehitaji ibada 30 ili kila mmoja aingie mara moja. Tukichukulia saa moja ya ibada na nusu saa ya kusafisha viti, siku ya Jumapili kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni ina nafasi ya ibada nane, yaani watu 800. Waliobaki wangengoja zamu yao wiki nyingine. Ndipo zikazuka orodha za kujiandikisha mapema, na kama ilivyo kawaida ya orodha, aliyekuwa na simu nzuri na rafiki katika afisi ya kanisa alitangulia. Septemba 28 mwaka huo kiwango kilibadilishwa kuwa thuluthi moja ya nafasi ya jengo, jambo lililoyapa nafuu makanisa makubwa.

Sharti la umri ndilo lililoumiza zaidi, nami ninayeukaribia umri huo siwezi kulitaja bila kusita. Msingi wake wa kitabibu haukuwa na kasoro: hatari ya kufa kwa Covid-19 huongezeka kadiri umri unavyosonga. Lakini waliozidi miaka 58 ndio wazee wa kanisa, ndio akina mama wanaofagia madhabahu Ijumaa, ndio wanaojua nani amefiwa na nani ana mgonjwa. Kenya ilikuwa na watu wapatao milioni 2.7 wenye umri wa miaka 60 na zaidi katika sensa ya 2019. Kwa wengi wao safari ya kanisani ndiyo ilikuwa shughuli ya pekee ya wiki iliyowakutanisha na watu wasio wa nyumbani mwao. Kuwaambia wakae nyumbani kulikuwa halali. Kuwaambia hivyo kisha kutowauliza hali zao kulikuwa kuwatupa.

Hapo ndipo miundo midogo ya kanisa ilipoonyesha thamani yake kuliko kamera. Kanisa Katoliki katika Afrika Mashariki lina jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, mfumo ambao maaskofu wa muungano wa AMECEA waliupa kipaumbele katika miaka ya 1970. Familia za mtaa mmoja hukutana nyumba kwa nyumba, husoma Maandiko na kusaidiana. Makanisa mengine yana vikundi vya mitaa chini ya mzee wa kanisa, au vyama vya akina mama. Marufuku ya 2020 yalizuia mikutano hiyo pia. Lakini hayakuweza kufuta ujuzi uliokuwa umejengeka ndani yake. Mwenyekiti wa jumuiya anajua ni nani ana kisukari, ni nani alikuwa kibarua na sasa hana kazi, ni nani anaishi peke yake.

Kazi inayotokana na ujuzi huo haihitaji fedha nyingi. Kanisa lenye wazee 60 wasioweza kutoka likipata watu 12 wa kujitolea, kila mmoja atakuwa na wazee watano wa kuwapigia simu. Simu mbili kwa wiki zinatosha kujua kama dawa za shinikizo la damu zimekwisha. Mzee asiyesoma ujumbe husomewa zaburi kwa sauti. Chakula huachwa mlangoni. Kijana aliye na barakoa humpelekea maji. Haya yote ni ibada, na yanatimiza maana ya neno mshirika kuliko kutazama mahubiri matatu kwa mfululizo.

Sadaka nayo ilihamia katika simu. Machi 2020 Safaricom iliondoa ada ya kutumiana kati ya mtu na mtu kiasi kisichozidi Sh1,000 kwa M-Pesa, nafuu iliyodumu hadi mwisho wa mwaka huo. Iliwezekana basi kumtumia jirani Sh100 bila kukatwa chochote. Jambo hilo lilifungua njia ambayo vikapu vya kanisani havikuwa nayo: msaada kwenda moja kwa moja kwa mhitaji. Makanisa yanayolipa kodi ya jengo na mishahara yalibanwa, bila shaka. Hata hivyo, kiongozi aliyetangaza nambari ya malipo kila baada ya dakika kumi, pasipo kutangaza nambari ya kupigia mwenye njaa, alijieleza vya kutosha.

Tahadhari moja ni ya lazima. Habari za ugonjwa wa mtu si za kurushwa katika kundi la WhatsApp lenye watu 200 kwa kisingizio cha kuomba maombi. Wakati wa Covid-19 kulikuwa na unyanyapaa mkubwa, na wapo walioficha dalili kwa kuogopa majirani. Anayetaka kuombewa aulizwe kwanza ni kipi kitajwe.

Matanga yalikuwa mtihani mwingine. Mazishi yaliwekewa kikomo cha watu 15, idadi ambayo katika familia nyingi haitoshi hata kwa watoto na wajukuu wa marehemu. Mikesha ilikatazwa. Kanisa lisiloweza kujaa uwanjani lilikuwa na nafasi ya kufanya jambo ambalo kwa kawaida husahaulika, yaani kumrudia mfiwa baada ya mwezi mmoja, na wa pili, na wa tatu, wakati simu za rambirambi zimenyamaza.

Jirani zetu wa Tanzania walichukua njia tofauti. Nyumba za ibada hazikufungwa, na Aprili 2020 Rais John Magufuli alitangaza siku tatu za maombi ya kitaifa. Mwanzoni mwa Machi 2021 katibu wa Baraza la Maaskofu Katoliki nchini humo, Padri Charles Kitima, alisema kwamba zaidi ya mapadri 25 na watawa wa kike 60 walikuwa wamefariki katika muda wa miezi miwili, wengi wakiwa na matatizo ya kupumua. Ibada zilizoendelea bila tahadhari zilikuwa na gharama, na waliotangulia kuilipa walikuwa wale waliosimama karibu zaidi na waumini.

Mgogoro huu si mpya. Tauni ilipoingia Wittenberg mwaka wa 1527, Martin Luther aliandika barua kujibu swali la kama Mkristo anaruhusiwa kukimbia. Alisema mwenye jukumu la kuwahudumia wagonjwa abaki, asiye na jukumu anaweza kuondoka ikiwa jirani yake hatakosa mtu wa kumtunza, na kila mtu atumie dawa na aepuke kwenda mahali asipohitajika ili asiwe chanzo cha kifo cha mwenzake. Yeye mwenyewe alibaki.

Kanisa linalotaka kujiandaa lina mahali pa kuanzia. Mwaka wa 2020 kila aliyeingia aliandikwa langoni jina na nambari ya simu, ili afuatiliwe iwapo kungetokea maambukizi. Madaftari hayo yaliwekwa kwa sababu ya waliokuja. Mzee wa kanisa akiyalinganisha na orodha ya washirika wote, atapata majina ya wasiokuja: wajane, wenye ulemavu, waliohama bila kuaga, na wale ambao baada ya Machi 2022 hawakurudi tena. Wengi wao hawajapigiwa simu hadi leo.