THIMLICH OHINGA: BOMA LA MAWE LISILO NA CHOKAA

Msafiri atokaye mjini Migori akielekea kaskazini magharibi, upande wa Ziwa Victoria, huenda yapata kilomita 45 kabla ya kufika mahali paitwapo Thimlich Ohinga. Njiani huona mashamba ya mahindi na mtama, mbuzi wakila vichakani, na vilima vidogo vilivyotapakaa mawe. Mpaka wa Homa Bay hauko mbali. Kisha, kati ya miti, hutokea ukuta wa mawe mrefu kupita kimo cha mtu. Akiukaribia na kuupapasa kwa mkono atastaajabu, kwa maana hamna udongo kati ya mawe yale, hamna chokaa, wala hakuna hata jiwe moja lililochongwa. Na huo ukuta umesimama kwa muda wa karne kadhaa.

Wengi wamesikia habari za Gedi na maboma mengine ya pwani, lakini wachache wanajua ya kuwa Nyanza Kusini nayo ina mji wake wa mawe. Makala haya yaeleza mahali hapo palivyo, walioishi humo, na kwa nini habari zake zamhusu kila mwenye shamba katika sehemu hizo.

NCHI YENYEWE

Kwa Kijaluo, jina Thimlich hufasiriwa kuwa msitu mnene wa kutisha, na ohinga ni boma kubwa. Kwa hiyo jina lote laeleza boma lililo katika msitu wa kutisha. Leo msitu ule umepungua sana, ila miti mingine imebaki, pamoja na ile yenye utomvu mweupe mfano wa maziwa, ambayo matawi yake yamesimama kama vinara vya taa.

Nchi ya Migori na Homa Bay huteremka kutoka milima ya Kisii hadi ziwani. Mto Kuja watoka huko juu, nao mto Migori huungana nao kabla ya maji yake kumwagika ziwani. Karibu na ziwa mvua si za kutegemewa kama zilivyo huko milimani. Kwa sababu hiyo, tangu zamani ng'ombe ndiye aliyekuwa akiba ya mwenye mji. Aliyepoteza ng'ombe wake alipoteza mali, mahari ya wanawe, na chakula cha mwaka wa njaa.

Tena nchi hii ina mawe mengi yaliyolala juu ya ardhi. Kila mkulima ajua adha yake: jembe hugonga jiwe, mpini huvunjika, na siku nzima hupita mtu akiokota mawe na kuyarundika kando ya shamba. Watu wa kale waliona adha hiyo hiyo, wakaigeuza kuwa ngome. Katika sehemu za Nyanza zilizo kaskazini ya Ghuba ya Winam watu walichimba handaki na kuinua kuta za udongo, ziitwazo gunda bur. Huku kusini jiwe lilikuwa tayari, nao wakalitumia.

MABOMA MANNE

Thimlich Ohinga si boma moja, bali ni maboma manne yaliyo karibu karibu: Kochieng, Kakuku, Koketch na Koluoch. Lililo kubwa ni Kochieng, ambalo upana wake kutoka upande hadi upande wafika yapata mita 140. Kimo cha kuta si kimoja. Mahali pengine ni mita moja na nusu, pengine hupita mita 4. Na unene wake ni kati ya mita 1 na mita 3.

Malango ni membamba tena mafupi. Mtu hana budi kuinama ili aingie, na juu yake yamelazwa mawe marefu yanayobeba uzito wa ukuta. Lango la namna hiyo lilikuwa na maana yake, kwa kuwa adui aingiaye ameinamisha kichwa, tena mmoja mmoja, hawezi kupigana vema.

Ndani ya boma zaonekana alama za nyumba, na kuta ndogo zilizozunguka mazizi ya mifugo na mahali pa kutunzia mazao. Yameonekana pia mawe ya kusagia nafaka, vigae vya vyungu, na mifupa ya wanyama. Kuna dalili za kazi ya wahunzi, yaani mahali walipoyeyusha na kufua chuma. Hali kadhalika zimepatikana shanga za kioo zilizotoka nchi za mbali, nazo zatuonyesha kwamba wakazi wa mji huu hawakuwa watu waliojitenga na ulimwengu. Na juu ya mwamba yametobolewa mashimo ya mchezo wa bao, ambao Wajaluo huuita ajua. Hapo wazee walikaa kivulini wakicheza na kusemezana, kama wafanyavyo wazee wa leo.

UFUNDI WA WAJENZI

Kuta za Gedi zilijengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikwa na chokaa. Katika Zimbabwe Kuu hamkutumiwa chokaa, ila mawe yake mengi yalikatwa yakalingana kama matofali. Mjenzi wa Thimlich hakuwa na chokaa wala jiwe la kulingana. Alikuwa na mawe ya kila namna, makubwa kwa madogo, naye alilazimika kulitafutia kila jiwe mahali pake.

Njia yake ilikuwa hii. Alipanga safu ya nje na safu ya ndani, kisha katikati akashindilia mawe madogo yaliyozifunga safu hizo mbili pamoja. Ukuta haukwenda moja kwa moja, bali ulipindapinda, na mahali pengine uliongezewa viegemeo vya mawe ili usilale. Hivyo uzito wa jiwe moja ndio uliolishika jingine.

Lakini ukuta wa namna hii una udhaifu wake. Jiwe moja likichomoka, la juu yake hulegea. Mvua na mizizi ya miti humaliza kazi iliyobaki. Basi ukuta huu hausimami kwa nguvu za aliyeujenga tu. Husimama kwa bidii ya wale waliokuja nyuma yake wakarudisha kila jiwe lililoanguka.

NI NANI WALIOISHI HUMO?

Wataalamu wakadiria kwamba kuta hizi zilijengwa yapata karne ya 16. Inasadikiwa kuwa watu wa lugha za Kibantu walikaa katika nchi hii kabla ya Wajaluo kuvuka ghuba na kuenea kusini. Baadaye koo mbalimbali zilipokezana maboma, wengine wakihama na wengine wakiingia. Jambo la kuangaliwa ni kwamba waliofika nyuma hawakuyabomoa waliyoyakuta. Waliyatengeneza, wakayatumia, wakayaacha yakiwa imara.

Kwa hiyo mtu akiuliza boma hili ni la kabila gani, jibu lililo la haki ni kwamba ni la wote walioinua jiwe lililoanguka.

Katika mwaka 1902 nchi hii ilitolewa katika Uganda na kutiwa katika himaya ya Afrika Mashariki ya Kiingereza, ambayo baadaye ikawa Kenya. Vita vya koo vilipokoma, haja ya kuta nene ikapungua. Watu walianza kutoka mabomani na kujenga miji yao mashambani, wakaizungushia ua wa minyaa, ambao Wajaluo huuita ojuok. Kabla ya kufika katikati ya karne ya 20 Thimlich ilikuwa imeachwa, na kichaka kikarudi.

HATARI ILIYOPO

Mwaka 1965 Neville Chittick, yule mtaalamu aliyechimbua magofu ya Kilwa, aliandika habari za maboma ya mawe ya Nyanza Kusini. Katika miaka ya 1980 Thimlich ikatangazwa kuwa mahali pa ukumbusho wa taifa, chini ya ulinzi wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Kuta zilikuwa zikibomoka, hata mwaka 2000 mahali hapa pakatiwa katika orodha ya dunia ya majengo yaliyo hatarini. Kazi ya kuyarudisha mawe ikafanywa, na mwaka 2018, katika mkutano uliofanyika Bahrain, UNESCO ikaiandika Thimlich Ohinga kuwa urithi wa dunia.

Hayo ni ya kufurahisha. Lakini wachunguzi wamehesabu maboma 521 ya namna hii, katika mahali 139 pa Nyanza Kusini. Thimlich ndiyo iliyo kubwa na iliyohifadhika kuliko yote. Mengine mengi yamo katika mashamba ya watu, hayana mlinzi wala kibao. Katika baadhi yake mawe yamechukuliwa kujengea nyumba na nyua, na pale palipokuwa na mji sasa pamebaki duara la mawe machache majanini.

Si haki kumlaumu mkulima aliyeona rundo la mawe akadhani ni mawe tu. Lakini ajuaye hana udhuru. Mwenye boma katika shamba lake na asichukue mawe yake. Mche ukiota ukutani, aukate kwenye shina ungali mdogo, wala asiung'oe kwa nguvu, maana mizizi itatoka pamoja na mawe. Azuie mbuzi na watoto wasipande juu ya kuta. Apeleke habari kwa maofisa wa Makumbusho. Tena, kabla wazee hawajaondoka, awaulize ni ukoo gani ulioishi humo na ulihama lini, aandike majibu yao katika daftari. Ukuta ukianguka, majina yabaki.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Watu wa Thimlich walilishika neno hilo kwa matendo, kizazi hata kizazi. Kwetu sisi jambo ni zito zaidi, maana ukuta huu tukiuacha uanguke hatutaweza kuujenga tena. Tutaweza kupanga mawe, lakini huo utakuwa ukuta wetu, si wao.