Ujenzi si kubeba zege tu, wanafunzi wa Mombasa waelekezwe mapema

MWANAFUNZI wa shule ya upili anayeishi Likoni, Kisauni au Changamwe hahitaji kusafiri mbali ili kuona ujenzi. Treni ya SGR ilipoanza kubeba abiria mwaka 2017, kituo chake cha Mombasa kilikuwa kimeinuka Miritini, jirani na Changamwe. Barabara ya Dongo Kundu nayo imeunganisha Miritini na upande wa Likoni bila gari kulazimika kupanda feri. Kule Kisauni, kiwanda cha Bamburi kimekuwa kikigeuza mawe ya matumbawe kuwa saruji tangu 1954. Na katika maeneo yote matatu, maghorofa yanapanda palipokuwa na nyumba za Kiswahili.

Hata hivyo, mwulize mwanafunzi huyo ni kazi zipi zilizomo katika ujenzi, na huenda akakutajia mbili pekee: kibarua anayebeba zege na injinia mwenye helmeti. Kati ya hao wawili pana ngazi ndefu ambayo hajaonyeshwa. Yupo msanifu majengo anayechora, mhandisi anayekokotoa uzito ambao nguzo itastahimili, mkadiriaji wa gharama, mpima ardhi, msimamizi wa mjengo, mafundi wa umeme, mabomba na mbao, na fundi wa maabara ambaye kazi yake ni kuvunja vipande vya zege ili kujua iwapo vina nguvu inayotakiwa.

Tatizo kubwa ni wakati. Katika mfumo wa 8-4-4, ambao mtihani wake wa mwisho wa KCSE unatarajiwa mwaka 2027, wanafunzi wengi walichagua masomo walipomaliza kidato cha pili, na mara nyingi Fizikia iliachwa kwa kuogopwa. Aliyeiacha alijifungia mlango wa uhandisi bila kujua, na mara nyingi hugundua hilo anapojaza fomu za kujiunga na chuo kikuu. Katika mtaala mpya wa umilisi, ambao wanafunzi wake wa kwanza waliingia Gredi ya 10 Januari 2026, uamuzi unakuja mapema zaidi. Mtoto wa Gredi ya 9 huchagua mkondo akiwa na umri wa miaka 15 hivi. Ndani ya mkondo wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati limo somo la ujenzi wa majengo, ingawa si kila shule ina karakana ya kulifundishia. Mshauri anayefika shuleni siku ya kuagana na kidato cha nne, akatoa hotuba na kupigwa picha, amechelewa.

Mashariki mwa Marekani, wahandisi na wasanifu wa mjini New York walilitambua hilo katikati ya miaka ya 1990 walipoanzisha mpango wa ACE, ambapo wataalamu hukutana na wanafunzi wa shule za upili mara kwa mara na kubuni nao jengo la mfano. Pwani haihitaji kuiga kila kitu. Tangu jadi kijana alimfuata fundi, akashika kamba, akachanganya chokaa, na mwishowe akakabidhiwa mwiko. Kinachokosekana katika utaratibu huo ni daraja la kumvusha kutoka kwenye mwiko hadi kwenye ramani, na kumrejesha.

Daraja hilo laweza kuanza na mambo madogo. Fundi anayetaka pembe ya msingi iwe mraba hupima mita 3 upande mmoja na mita 4 upande wa pili, kisha huhakikisha kuwa kamba ya mshazari inasoma mita 5. Hiyo ndiyo kanuni ya Pythagoras ambayo mwanafunzi ameikariri ubaoni bila kujua ina faida gani. Ukuta wenye urefu wa mita 6 na kimo cha mita 3 una mita mraba 18. Ikiwa uso wa kila tofali, pamoja na maungio yake, ni sentimita 40 kwa 20, yatahitajika matofali 225. Ukiondoa nafasi ya mlango, yanabaki takriban 200. Huo ndio mwanzo wa kazi ya mkadiriaji wa gharama. Kemia nayo ipo ufuoni: mchanga wa bahari usiooshwa hubeba chumvi, na chumvi hiyo hutafuna vyuma vilivyo ndani ya zege hadi zege lenyewe likapasuka.

Ufahamu huo si wa kupita mtihani tu. Jengo la Huruma, Nairobi, lililoporomoka Aprili 2016 liliua karibu watu 50.

Ikumbukwe, lakini, kwamba kumwelekeza mwanafunzi si kumpa kibarua. Sheria ya Ajira ya 2007 inakataza aliye chini ya miaka 18 kufanya kazi za hatari. Wanafunzi wazuru mjengo wakiwa na helmeti na viatu vigumu, waandamane na mwalimu, na wasipandishwe jukwaani. Mkandarasi anayewaita vijana "wajifunze" huku akiwabebesha mawe anatafuta nguvukazi ya bure.

Isitoshe, si kila mmoja atasomea usanifu, ambao huchukua miaka mitano au sita chuoni kabla ya kufanya kazi chini ya msanifu aliyesajiliwa na kufanya mitihani ya bodi. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, kilichokuwa Mombasa Polytechnic, kina stashahada za ujenzi, na aliyepata C- anaweza kuomba nafasi. Fundi aliyejifunzia mtaani anaweza kufanya majaribio ya ufundi ya NITA, kuanzia gredi ya tatu hadi ya kwanza, kisha akatambuliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi. Wazazi wengi wa Likoni na Changamwe hawajui kwamba cheti hicho kipo, na baadhi yao wameshika mwiko kwa miaka 20. Wao pia waalikwe shuleni, tena si kama wasikilizaji tu. Mwashi mkongwe mwenye timazi na pima maji anaweza kufundisha kipindi kizima kwa kutumia ukuta wa darasa lenyewe, na wanafunzi wakapima kama umesimama wima.