Mtoto ana asima, baba analeta mbwa: tuchague yupi?

Baba ametoka karière, ana pesa kidogo ya dhahabu, na njiani amenunua mtoto wa mbwa. Wezi wanasumbua usiku, lupango inataka mlinzi. Lakini mtoto wa pili ana asima. Mama anauliza: "Huyu atalala wapi?" Baba anajibu sawa wengi wetu: "Haina neno, iko na manyoya mafupi."

Ndugu wasomaji, ni hapo tunadanganyika. Kinacholeta alerji si manyoya yenyewe. Ni kitu kidogo sana kinachotoka katika mate ya mbwa, katika ngozi yake inayobanduka na katika mkojo. Manyoya yanakibeba tu, sawa vile nguo ya mchimbaji inabeba vumbi ya shimo mpaka nyumbani. Na kila mbwa ana mate, kila mbwa ana ngozi.

Mu mwaka wa 2009, Barack Obama alitafutia watoto wake mbwa. Binti yake Malia alikuwa na alerji, basi wakachagua Bo, mbwa wa maji wa Ureno, aina inayosifiwa kwamba haisumbui wagonjwa. Kwetu hapa kuna basenji, mbwa wa kuwinda wa misitu ya Kongo, yule asiyebweka, anayefungwa kengele shingoni. Huko Ulaya na Marekani naye anasifiwa vilevile: manyoya mafupi, na anajilamba sawa paka. Lakini kujilamba si ni kujipaka mate? Watafiti walipima vumbi mu nyumba zenye mbwa wa aina zinazosifiwa. Hawakukuta kwamba ina alerji kidogo kuliko ya nyumba zingine.

Basi, usichague aina. Chagua mbwa mwenyewe. Kama asima ya mtoto ni kali, muulize daktari kwanza. Akikubali, mtoto akae karibu na mbwa huyo huyo mara kadhaa, siku mbalimbali, mbele ya kutoa pesa. Macho yakiwasha, chafya ikizidi, kifua kikipiga filimbi: muache.

Mukimchukua, alale inje, asiingie kamwe mu chumba cha kulala. Anayemwosha asiwe mgonjwa. Mtoto akimgusa, anawe mikono na sabuni. Na chanjo ya kichaa cha mbwa isisahauliwe.

Baba naye aoge na abadilishe nguo mbele ya kubeba mtoto, maana vumbi ya mawe inaumiza kifua pia. Na mtu yeyote akikohoa zaidi ya majuma mawili, asisingizie mbwa: aende santé apimwe kifua kikuu.

Na kama kifua cha mtoto kinakataa kabisa? Mbwa apewe shemeji, na baba anunue kufuli kubwa.