Je, Wajua? Asilimia nne ya mama wa Ngerengere

Je, wajua kwamba mama ntilie wa Ngerengere, Morogoro, anayeomba mkopo wa halmashauri haombi hisani? Tangu 2018 sheria inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Riba hakuna.

Je, wajua mapato hayo ni ushuru wa soko, wa mazao, na leseni? Halmashauri ikikusanya bilioni 1, fungu la wanawake ni milioni 40. Kila kikundi kikichukua milioni 5, ni vikundi 8, wilaya nzima. Mama wa Kinondoni na mama wa Ngerengere wana asilimia ileile. Fungu si lilelile. Hili linaniuma, kwa kuwa sheria haikukusudia kumpa kidogo mwenye kidogo.

Genge la nyanya nalo ni biashara: kwa sera ya 2003, biashara ya watu 1 hadi 4, yenye mtaji usiozidi milioni 5, ni biashara ndogo sana.

Je, wajua kwamba mikopo hiyo ilisimamishwa 2023, baada ya ukaguzi kufichua madeni yasiyolipwa na vikundi hewa, ikarudi 2024? Waliokuwa wakirejesha kwa wakati nao walisubiri.

Tukija kwenye dhamana, yaani ardhi: je, wajua kwamba kwa Waluguru wa Morogoro ardhi hupita kwa ukoo wa mama? Msidhani basi kwamba mwanamke ndiye aliyeigawa. Kwa desturi, neno la mjomba lilikuwa zito. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi. Hati ya hakimiliki ya kimila yaweza kuwekwa dhamana ya mkopo, ila mkopeshaji hulitazama jina lililoandikwa humo. Mama, hakikisha jina lako limo.

Benki ya Wanawake msiitafute tena: ilifunguliwa 2009. 2018 ikaunganishwa na Benki ya Posta.

Je, wajua kwamba taasisi za umma zatakiwa kutenga walau asilimia 30 ya ununuzi wa mwaka kwa makundi maalumu, wanawake wakiwemo? Vikundi vya ushonaji na upishi, ulizeni zabuni, si mkopo tu. Mlango wa kwanza ni afisa maendeleo ya jamii wa kata, kabla hamjalipa nauli ya Mvuha, makao makuu ya halmashauri.