Mikanda ya Mabega na Mahali pa Kuifungia

Apitaye Kirumba jijini Mwanza, tangu uwanja wa CCM hata kuteremkia Mwaloni kando ya ziwa, atawasikia mafundi wa kuchomelea wakiwa kazini mchana kutwa. Miongoni mwa kazi wanazoweza kuletewa, mageti, madirisha na mabodi ya magari, imo moja ambayo kwa kuitazama ni ndogo, ila kwa hatima yake yazipita nyingine zote, nayo ni kutia ndani ya gari la mashindano bomba la kufungia mikanda ya mabega. Kijana amekwisha nunua Subaru iliyotumika, amekwisha agiza kiti cha mbio na mikanda mizuri yenye nembo ya FIA, yaani Shirikisho la Kimataifa la Magari, fedha imemwishia, na sasa auliza ncha za nyuma za mikanda ile zifungwe wapi. Swali hili lastahili jibu kamili kuliko swali la bei ya mikanda, kwa kuwa mkanda wa thamani kubwa uliofungwa mahali pabaya waweza kumvunja mgongo yule yule uliowekwa kumhifadhi.

Na tuanze na nguvu zenyewe. Gari liendalo kilomita 80 kwa saa likigonga mti, na mwili wa dereva ukasimama katika umbali wa mita 1 tu, hesabu yaonyesha kwamba dereva mwenye kilo 75 huisukuma mikanda yake kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 1,900. Msomaji asidhani kwamba hakuna kiumbe awezaye kustahimili jambo hilo. Tarehe 10 Desemba 1954, huko New Mexico, daktari wa jeshi la anga la Marekani aitwaye John Paul Stapp alijifunga katika kigari cha roketi kilichokwenda kasi ya ajabu kisha kikasimamishwa ghafula, hata mwili wake ukabeba zaidi ya mara 46 ya uzito wake. Macho yalimvilia damu, lakini alitoka hai. Aliokoka kwa sababu alishikwa barabara, mabegani na nyongani, na nguvu ikamjia kutoka mbele. Kifua na nyonga za mwanadamu huweza kubeba mzigo mkubwa wa namna hiyo, ilhali pingili za uti wa mgongo zikikandamizwa kutoka juu kwenda chini hupondeka upesi.

Hapa ndipo ilipo siri ya mikanda ya mabega. Mkanda upandao kifuani, ukapita juu ya bega, kisha ukaelekea nyuma karibu sawa na ardhi, humvuta dereva kitini. Lakini mkanda huo huo ukishapita begani ukatelemka kuifuata sakafu, humkandamiza. Kipimo chake ni cha hesabu nyepesi: ukielekea chini kwa pembe ya nyuzi 10, sehemu ya mvuto wake wa nyuma igeukayo kuwa mzigo wa kushuka haifiki hata moja ya tano, kwa nyuzi 20 hufika theluthi, kwa nyuzi 45 huwa saba ya kumi, na mgongo hauna pa kukimbilia. Kwa hiyo kanuni za FIA, ambazo ndizo zifuatwazo katika mashindano ya ubingwa wa Afrika, zaamuru kwamba kuanzia ukingo wa juu wa kiti mikanda ielekee nyuma na chini, isizidi kabisa nyuzi 45, na zanasihi isizidi nyuzi 10. Mimi kwa rai yangu sioni sababu ya fundi kuikaribia ile 45, maadamu yeye mwenyewe ndiye achaguaye urefu wa kuliweka bomba. Anayeifunga mikanda kwenye matundu ya sakafuni, nyuma tu ya kiti, eti kwa kuwa yapo tayari, amechagua njia mbaya kuliko zote.

Jambo la pili ni urefu wa mkanda, nalo watu wa Mwaloni hawana haja ya kufundishwa sana, kwani wajua ya kuwa mtumbwi uliofungwa kwa kamba ndefu husogea mbali zaidi na gati upepo unapovuma kuliko ule uliofungwa kwa kamba fupi. Nyuzi za mkanda hunyumbuka kwa kadiri ya urefu wake: tukichukulia kwa mfano kwamba hurefuka sehemu moja ya kumi, kipande cha sentimita 30 nyuma ya bega kitaongeza sentimita 3, na kipande cha mita 1 kitaongeza sentimita 10, na katika gari sentimita hizo 7 za ziada zaweza kuwa ndiyo tofauti baina ya uso na usukani. Bomba na liwe karibu na kiti, basi, wala mikanda isipelekwe hata kwenye buti.

Ama bomba lenyewe, lisiwe lile la mageti lenye mshono. Kanuni zataka chuma kisicho na mshono, chenye kipenyo cha milimita 38 na unene wa milimita 2.5, au 40 kwa 2, kiunganishwe kwa mabomba ya kizimba cha kumlinda dereva gari lipindukapo, maana kila nanga ya mkanda wa bega hudaiwa kustahimili mvuto wa takriban tani moja na nusu. Kutoboa bomba ili kupitisha bolti ni kulidhoofisha pale pale linapotegemewa. Aula ni kuuzungusha mkanda juu yake na kuurudisha katika kibano chake cha chuma, ukipita mara mbili ili ujikaze wenyewe, kibano kikikaa karibu kabisa na bomba na ncha ikibaki ndefu ya kutosha. Mahali ambapo hapana budi kufunga kwenye bodi, nyuma ya bati pawekwe kipande cha chuma chenye unene wa milimita 3 na eneo lisilopungua sentimita 40 za mraba, kwa kuwa bati tupu la Subaru litachanika kama halikuwapo. Tena mikanda isitawanyike: pembe ya kila mmoja kuelekea kando, ukipima kutoka mstari wa katikati ya kiti, isizidi nyuzi 20, na pande mbili za kila mkanda bomba litiwe vizuizi vidogo ili usiteleze.

Mtawanyiko huo wa mikanda una uzito zaidi kwa avaaye kola ya kuzuia kichwa, ile iliyobuniwa na Robert Hubbard, mtaalamu wa chuo kikuu cha Michigan State, pamoja na shemeji yake Jim Downing aliyekuwa dereva wa mbio. Tarehe 18 Februari 2001 dereva wa mbio Dale Earnhardt alifariki huko Daytona kwa kuvunjika tako la fuvu, na kabla ya mwaka kwisha wakuu wa mashindano yake wakalazimisha vifaa vya namna hiyo. Lakini kola hii haina nguvu yake yenyewe. Hushikiliwa na mikanda ya mabega iliyokaa juu yake, na mikanda ikiachana mno kule nyuma, huiponyoka, dereva akabaki na kichwa kisichozuiliwa.

Naomba pia vijana wasiutoe mkanda wa kawaida katika gari wanaloendea kazini. Mkanda ule wa pointi tatu, alioubuni Nils Bohlin wa Volvo na kuanza kutolewa mwaka 1959 katika magari ya namna ya PV544, yaani jamii ya gari ambalo Joginder Singh na nduguye Jaswant walishindia mbio za magari za Safari za mwaka 1965, humwachia mtu nafasi ya kuinama paa likibonyea. Mikanda ya mbio humshika wima, na katika gari lisilo na kizimba paa hilo litamshukia kichwani.

Siku ya mashindano dereva akaze kwanza mkanda wa nyonga, chini kabisa, juu ya mifupa na si juu ya tumbo, ndipo akaze ya mabega. Akianza na mabega atauvuta ule wa nyonga upande tumboni, na mkanda wa katikati ya mapaja hauna budi kuwapo ili kuuzuia. Msoma ramani naye afanye vivyo hivyo. Fundi atazame nembo iliyoshonwa mkandani, kwa kuwa imeandikwa mwaka wa mwisho wa kutumika, na mkanda uliokaa juani ukapauka, au uliokwisha kumshika mtu katika ajali hata mara moja, aukate vipande viwili kabla ya kuutupa, asije mwingine akauokota na kuufunga.