Jiko mupya: juu ya meza ya kujengwa tuweke nini?

Nyumba inakaribia kuisha. Mabati iko juu, milango inafungika, rangi inangojea feza ya mwezi unaokuja. Asubui moja fundi anasimama mu jikoni, mbele ya vile vikuta vifupi alijenga, na anauliza: «Papa, huku juu tunaweka nini?» Mara mingi ni papa njo anajibu, tena kwa simu, juu iko ku kazi. Anasema: «Weka ile karo yenye ilibakia mu salon.» Mambo inaishia pale. Mama, mwenye atasimama mbele ya ile meza kila siku kwa miaka makumi mbili, anakuja kuiona wakati simenti imekwisha kukauka.

Mimi pia niko mumoja wa wale wenye walijibu kwa simu. Hapa Goma, mu nyumba yetu, nilichagua tripleksi yenye kufunikwa na plastiki ya kungaa. Bei ilikuwa chini, na ilifanana na zile jikoni za mu televisheni. Musimu wa mvua wa kwanza, pembeni ya lavabo ikaanza kuvimba. Musimu wa pili plastiki ikafunguka, na chini yake tukakuta mende, maji ya kuoza na harufu. Tukatoa yote tukatupa. Mwenye aliniuzishia simutaji, juu kosa ilikuwa yangu: niliangalia uso wa meza, sikujiuliza maji itapitia wapi.

Na kwetu swali ya maji iko na uzito. Familia mingi hazina robine yenye inatoka kila siku. Maji inakuja mu bidoni, inapimwa, na meza inapanguswa na kiasi kidogo. Juu ya ile meza moja tunaosha sambaza, tunakata nyama, kisha tunatandika matunda ya watoto. Kolera tunaijua, hapa pembeni ya ziwa Kivu haiko hadisi ya mbali. Kile kidudu chake kinapenda mahali penye maji maji. Mahali pakavu hakidumu. Basi meza ya muzuri kwetu ni ile mutu anaweza kupangusa mara moja na kitambaa, na maji kidogo, halafu ikauke yote bila kubakisha kitu mu ufa. Hiyo njo kipimo nitatumia huku chini. Kungaa itakuja nyuma.

Mutu anaweza kusema: sisi watu wa Goma tunalala juu ya jiwe, ya nini kwenda kununua ingine? Ni kweli, misingi yetu na viwanja vyetu vimezungukwa na jiwe ya Nyiragongo. Lava yenye ilishuka mu muji tarehe 17/1/2002, na ile ya tarehe 22/5/2021, ilikuja imejaa gazi. Gazi ikatoka, ikaacha matundu. Ukichukua jiwe moja ukaiangalia karibu, utaona inafanana na mukate. Yale matundu njo inashika simenti muzuri wakati unajenga ukuta, lakini juu ya meza inashika mafuta na damu ya samaki, na hakuna burashi yenye itafika ndani. Tumia jiwe yetu kwa kujenga miguu ya meza. Uso, tafuta kitu ingine.

Mbao watu wengi wanaipenda, na mimi sina ubaya nayo. Muvula na libuyu ni mbao za nguvu, hazipasui sahani yenye inaanguka, na kisu hakiharibike juu yake. Shida yake ni moja: inakunywa maji. Inavimba ikilowana, inarudi ikikauka, na kwa kufanya vile mara mingi inapasuka. Inaanzia kila mara ku kichwa cha ubao, pale ulikatwa, na pembeni ya lavabo. Kama unataka mbao, iweke upande wenye mukavu, pale pa kutayarishia, na uipake mafuta mara kwa mara. Na uulize muuzishaji kama imekauka kweli. Mbao mbichi ikijengwa leo, kisha miezi mitatu inajipinda yenyewe bila mutu kuigusa.

Sasa tufike ku ile wengi wetu tutajenga: betoni na karo juu. Ni chaguo ya muzuri, mimi mwenyewe njo nilirudilia. Lakini kuko karo na karo.

Kuanza, betoni yenyewe. Unene wa santimetre 7 ao 8 unatosha, na vyuma vya milimita 8 ndani, na mbao za kuishikilia chini mupaka igande. Ndoo moja ya simenti, mbili za muchanga, tatu za kokoto. Kisha kuimwanga, fundi anapenda kwenda kazi ingine na kuiacha jua iikaushe. Hapana. Betoni haigande juu ya jua, inagandishwa na maji yenye iko ndani. Ifunike na gunia ya kulowana siku saba. Nguvu yake mafundi wanaihesabia siku 28, ni vizuri usipande juu yake na kinu mbele ya pale.

Kisha karo. Ile ya ukuta, laini, yenye maua, haiko ya meza: chini ya ile rangi ya kungaa kuko udongo wenye kuchomwa wa kulegea. Kuko jaribio haiombi mashine. Geuza karo, tia tone ya maji ku mugongo wake. Kama inakunywa mbele yako, iache. Karo ngumu ya sakafu, ile muuzishaji anaita grès cérame, hainyonye maji hata nusu ya sehemu moja ku mia ya uzito wake; tone itabakia pale pale. Lakini usichukue ile yenye kukwaruza ya kuzuia watu kuteleza, utaosha mupaka uchoke.

Sasa ukubwa, na hapa njo watu wanapoteza bila kujua. Tuseme meza iko na urefu wa metre 2,40 na upana wa santimetre 60. Ukitumia karo za 20 kwa 20, unapata karo 36, na ile mistari ya katikati yake, ukiipima yote, inafikia metre 11 na zaidi. Ukitumia karo za 60 kwa 60, unapata karo ine tu, na mistari mitatu: metre 1,80. Karo yenyewe haioze. Kinachooza ni mustari. Ni mule ndimu inakula simenti, mule mafuta inageuka nyeusi, mule maji inashuka kwenda ku betoni. Mimi nikiwa na feza kidogo, ningenunua karo ine kubwa za bei kuliko karo makumi tatu na sita za kupewa bure na shemeji.

Umuombe fundi mambo tatu, na usimame pale wakati anafanya. Ya kwanza, kole ienee mugongo wote wa karo. Wengine wanaweka matone tano, mumoja kila pembe na mumoja katikati; pale chini panabaki tupu, na siku mama anapiga nyama ao anatua sufuria nzito, karo inapasuka. Ukigonga na kidole unasikia sauti ya ngoma. Ya pili, pale meza inakutana na ukuta na pale inazunguka lavabo, isiwe simenti, iwe silikoni, juu vitu viwili vyenye havikae pamoja vinatikisika kila kimoja kivyake. Tena karo ipande ku ukuta santimetre 10 hivi. Ya tatu, meza itoke mbele ya kabati santimetre mbili ao tatu, na chini ya ule mudomo wachore kafereji kadogo. Maji yenye kumwangika ikifika pale, inaanguka chini. Bila ile, inarudi kwa chini kama mutu mwenye alisahau kitu, na kabati yako inaoza.

Wenye uwezo wanaweza kwenda ku granite. Ni jiwe ngumu, joto ya sufuria haiitishe, na kipande kimoja kinafunika meza yote bila mustari. Kwa kipimo yetu ya kupangusa, hakuna yenye inaishinda. Lakini hesabu uzito: ile meza ya metre mbili kwa santimetre 60, ikiwa na unene wa santimetre 3, inakaribia kilo mia moja. Ipitishe mu njia zetu zenye jiwe jiwe ikiwa imelala mu gari, itafika vipande viwili. Isafirishwe imesimama, imefungwa ku kitu kigumu. Pale lavabo imekatwa njo inavunjika kwanza, basi watu wanne waibebe kwa kuisimamisha, si kwa kuilaza kama kitanda.

Na ujue chenye unanunua. Marumaru, ile wanaita marbre, iko mweupe wa kuvutia, na wengine wanaiuzisha kwa jina ya granite. Marumaru ni ndugu ya chokaa. Ndimu, siki na nyanya vinaikula. Glasi ya maji ya ndimu inaacha duara yenye haitatoka tena. Omba muuzishaji kipande kidogo, tia tone ya ndimu, ngojea dakika kumi, pangusa. Kama pale pamepoteza kungaa, ni marumaru ao jiwe ya mutindo ule. Kwa granite nyeusi sana, sugua na kitambaa cheupe chenye kulowana na dawa ya kuondoa rangi ya kucha. Kitambaa kikigeuka cheusi, jiwe ilipakwa rangi.

Inox, ile ya mu restorani, nayo inapanguswa muzuri. Ina kelele, inakwaruzika, lakini haikunywe kitu. Javel tu njo adui yake: ukiimwanga na kuilaza usiku muzima, utakuta vitundu vidogo. Osha, suuza, kausha. Na, kwa kuwa tuko ku javel, usiichange hata siku moja na siki ao na dawa ya kusafisha choo. Ile gazi inatoka inachoma mapafu.

Kuko jambo ingine wachoraji wa jikoni za mbali hawatujibie: babula na bugali. Mu vitabu vyao meza iko na urefu wa santimetre 85 ao 90, na ni sawa kwa kukata sombe na vitunguu. Kila mutu apime: kunja mukono, shusha santimetre 10 ao 15 chini ya kiwiko, pale njo mezani pako. Lakini weka babula juu ya ile santimetre 90, weka sufuria juu ya babula, halafu ugeuze bugali ya watu kumi. Mwiko unafika ku mabega, nguvu haitoke. Nimeona mama anateremsha babula chini kila siku, na meza mupya inabakia ya kuweka sahani. Kwetu tulikata meza mara mbili: upande wa lavabo juu, upande wa moto chini, kimo ya goti na kidogo zaidi, ya matofali ya kuchoma, chini ya dirisha kubwa. Dirisha haiko mapambo. Makala inatoa gazi yenye haina harufu na inaua watu wakiwa wamelala. Mahali pa kufungwa, usiwashe babula, hata kukiwa mvua.

Neno moja juu ya vijana wenye wanakata. Mashine inalia, vumbi nyeupe inajaa nyumba, kijana amefunga skafu ku mudomo. Ile vumbi ya granite na ya karo iko na silika, na silika ikiingia ndani ya mapafu haitoke. Ugonjwa wenye inaleta hauna dawa ya kuuponyesha. Kuna jiwe ya kutengenezwa na watu, wanaita quartz, yenye iko na silika mingi kupita, na Australia iliikataza kabisa tangu tarehe 1/7/2024 juu ya wakataji wenye walikuwa wanaugua. Kwako, omba wakatie inje, na mumoja amwange maji pole pole pale chuma inakata. Skafu hairudishe ile vumbi ya laini. Maji ya bidoni moja inatosha kwa jikoni nzima, na kama fundi anasema inachelewesha kazi, mulipe ile saa moja.

Kisha yote kukauka, mbele ya kumaliza kumulipa, fanya hivi. Mwite mama, mwite fundi. Chukua bidoni ya lita 20, mwanga nusu yake juu ya meza, pole pole, kuanzia ku ukuta. Fundi muzuri aliinamisha uso milimita chache kuelekea lavabo, basi maji itaenda yenyewe. Angalia kona. Piga goti, weka mukono chini ya mudomo wa meza, sikia kama kumelowana. Fungua kabati, tia toroshi ndani. Halafu mama apanguse mara moja na kitambaa chake, ile ya kila siku, na muhesabu dakika mupaka ikauke. Kama kuna maji yenye inasimama mahali, fundi achukue vyombo vyake tena, na ile feza ya mwisho ibakie kwanza mu mufuko wako.