Maji hayana presha? Pima kwanza, pampu baadaye

Kuanzia Agosti mpaka mvua za Novemba simu yangu haipumziki, na maneno ni yale yale: "Shikamoo bwana shamba, maji yangu hayana presha, nataka kununua pampu kubwa." Wa mwisho kunipigia ana robo eka ya nyanya upande wa Kwihara, zimeanza kutoa maua, na mkononi ana hela yake yote ya msimu. Nikamwambia, mdogo wangu, hiyo hela isitoke leo. Tafuta ndoo ya lita 20, saa ya simu na kamba, nakuja.

Hili neno presha tunalitumia kwa mambo mawili: msukumo wa maji, na wingi wa maji yanayofika. Msukumo kwenye mfumo wa tanki unatokana na kimo. Maji yakisimama mita 10 juu ya koki unapata bar 1. Kwa hiyo simtanki lililo juu ya mnara wa mita 3 linakupa bar 0.3 hivi, liwe la lita 1,000 au la lita 5,000. Kuongeza ukubwa wa tanki ukidhani unaongeza msukumo ni kupoteza hela. Na sisi Tabora tuko kwenye uwanda, mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, vilima vichache tu. Misafara ya zamani ya kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipumzika hapa hapa Kwihara, lakini wale walichota maji kwa mikono. Wewe unataka maji yatembee yenyewe mpaka mwisho wa tuta, na mteremko wa kukusaidia haupo.

Basi tukapima. Koki iliyo chini ya mnara ilijaza ndoo kwa sekunde 12. Mwisho wa bomba, mita 60 kutoka hapo, ndoo ile ile ilichukua zaidi ya dakika moja. Tanki lilikuwa limejaa muda wote. Sasa niambie, pampu kubwa ingesaidia nini hapo? Kazi ya pampu yake ni kujaza tanki tu. Tatizo lilikuwa bomba la robo tatu.

Maji yakipita kwenye bomba jembamba yanasuguana na kuta zake, na msukumo unaishia humo. Ukipunguza upana wa bomba kwa nusu, kwa maji yale yale, msukumo unaopotea unaongezeka karibu mara 30. Sio mara mbili, mara 30! Kwa hesabu, mnara wa mita 3 na bomba la robo tatu la mita 60 vinakupa lita 16 hivi kwa dakika. Weka bomba la inchi moja, unapata kama mara mbili yake. Weka la inchi moja na nusu, unakaribia lita 100 kwa dakika, kabla hujahesabu elbo na koki ambazo nazo zinakula chake. Kama hela haitoshi, badilisha bomba kuu peke yake. Laini za matone acha zibaki nyembamba ila zifanye fupi, maana kwa bar 0.3 laini ndefu inalowesha mimea ya mwanzo na kuisahau ya mwisho. Angalia na chujio pia. Ukilitoa maji yakachangamka, ukilirudisha yakalegea, basi lisafishe kabla hujagusa kitu kingine.

Wapo ambao kweli pampu ndiyo tatizo. Hao nawaomba wasome kibao kilichobandikwa kwenye pampu. Kikiandikwa kimo cha juu mita 32 na maji lita 40 kwa dakika, usidhani utavipata vyote kwa pamoja. Ikifika mita 32 haitoi hata tone, na hizo lita 40 ni pale isipopandisha maji popote. Wewe uko katikati. Jumlisha kina cha maji kisimani, kimo cha tanki na kinachopotea kwenye bomba, halafu muulize muuzaji inatoa lita ngapi kwa kimo hicho. Akishindwa kujibu, nenda duka la pili.

Halafu kuna hili la kunyonya, hapa nisikilizeni vizuri. Pampu inayokaa juu ya ardhi hainyonyi maji kutoka kina chochote unachotaka. Kwa mwinuko wetu, hata mashine nzuri inaanza kuchoka maji yakiwa mita 6 au 7 chini yake. Maji yakishuka Septemba, vijana wanachimba kibaraza ndani ya kisima na kuteremsha pampu ya petroli ili iwe karibu na maji. Usifanye hivyo. Moshi wa injini unajaa kisimani, una hewa ya sumu isiyo na harufu, na anayeshuka kuizima hapandi tena. Anayemfuata kumwokoa naye anabaki huko. Maji yakishuka zaidi ya hapo, dawa ni pampu ya umeme ya kuzamisha, ya sola au ya TANESCO.

Kabla hujainunua, pima kisima chenyewe. Vuta maji mpaka yashuke, funga jiwe kwenye kamba, pima yamepanda kiasi gani kwa saa moja. Kisima cha upana wa mita 1.2 kina lita 1,130 hivi kwa kila mita ya kina. Yakipanda sentimita 30 kwa saa, kisima chako kinatoa lita 340 kwa saa, yaani kama lita 8,000 kwa siku ukivuta kidogo kidogo. Robo eka ya nyanya wakati wa jua kali inataka kama lita 5,000 kwa siku, kwa hiyo inatosha. Ila pampu ya lita 40 kwa dakika itakikausha haraka na kuungua ikizunguka mikavu. Nunua ndogo, ijaze tanki taratibu.

Kwa wenye tanki la presha la nyumbani: pampu ikiwaka na kuzima kila baada ya sekunde chache, mara nyingi hewa imepungua ndani ya tanki. Zima umeme, fungua koki maji yote yatoke, kisha jaza hewa kwa pampu ya baiskeli. Kama swichi inawasha kwenye 20, hewa iwe 18, na kipimo cha matairi kinatosha kuisoma. Ukibonyeza valvu ya hewa yakatoka maji, mpira wa ndani umepasuka, hapo hujazi hewa tena, unabadilisha mpira.